Huduma ya maswali mtandaoni kwa vijana

Huduma ya maswali mtandaoni ni utaratibu ambao wakutubi wa maktaba za umma hujibu maswali ya wasomaji kwa barua pepe, gumzo la papo kwa papo au ujumbe wa simu. Makala hii inahusu vijana wa Marekani.

Historia
Mwaka 1876 Samuel Green, mkutubi wa Worcester, Massachusetts, alitetea wazo kwamba msomaji asaidiwe na mkutubi ana kwa ana, asiachwe ahangaike peke yake. Mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Michigan kilianzisha Internet Public Library, iliyopokea maswali kwa njia ya mtandao. Mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani na shirika la OCLC walizindua QuestionPoint, mfumo uliowezesha maktaba kushirikiana. Mwanafunzi aliyekwama usiku aliweza kujibiwa na mkutubi wa mbali.

Utendaji
Kijana akiandika "nataka habari za volkano", mkutubi hodari hamrundikii viungo. Humuuliza kwanza: ni kazi ya shule? Unataka kujua jinsi zinavyolipuka, au mahali zilipo? Anapotafuta, humtumia neno fupi kama "bado natafuta", kwani kimya kikizidi kijana hudhani ametelekezwa, akaondoka.

Vikwazo
Kati ya 2005 na 2008, Marie L. Radford wa Chuo Kikuu cha Rutgers na Lynn Silipigni Connaway wa OCLC walichambua mazungumzo ya QuestionPoint na kuwahoji vijana. Ilibainika kwamba wapo ambao hawakujua kuwa huduma hiyo ipo, na wengine waliogopa kuongea mtandaoni na mtu wasiyemfahamu. Wapo pia waliohofia kumsumbua mkutubi au kukaripiwa.

Namna ya kuwavuta
Tangazo pekee halitoshi. Mkutubi akitembelea shule na kujitambulisha, hofu ya kuongea na mgeni hupungua. Kiungo cha huduma kiwekwe pale wanafunzi wanapofanyia kazi zao, na lugha iwe ya kirafiki. Kumjibu mtoto "hatufanyi kazi za shule" bila kumwelekeza popote ni kumfukuza; aonyeshwe njia ya kupata jibu mwenyewe. Kijana aliyejibiwa kwa heshima huwaambia wenzake, na maktaba inayotaka vijana ianze kwa kuwafunza wakutubi wake upole huo kabla ya kununua programu mpya.