Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Alexander Seiler wa Zermatt



Siku za yubile ni siku za kuhesabu miaka, na watu wanapohesabu miaka hutaja majina. Hutajwa kwanza mapadri waliofika wa kwanza, kisha masista, kisha makatekista. Hiyo ni haki. Lakini mji haujengwi na mapadri na makatekista peke yao. Yuko aliyefungua duka, yuko aliyejenga nyumba ya wageni, yuko aliyewapa vijana kazi ya mshahara ili wasihame kutafuta maisha mbali. Watu wa namna hiyo hukumbukwa mara chache, tena mara nyingine hukumbukwa kwa ubaya, maana mwenye mali hakosi adui.

Ndiyo sababu napenda kuwaeleza habari za mfanyabiashara mmoja Mkatoliki wa milima ya Uswisi, jina lake Alexander Seiler, aliyezaliwa mwaka wa 1819 na kufariki mwaka wa 1891. Alipofika Zermatt alikuta kijiji cha wafugaji. Alipokufa aliacha mji unaojulikana ulimwenguni kote. Na kijiji hicho hicho kilimnyima haki ya uenyeji kwa muda wa miaka 18.

Kijiji chini ya mlima

Zermatt iko katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, karibu na mpaka wa Italia. Kijiji kimekaa mwisho wa bonde, kwenye kimo cha metre 1,600 hivi, na juu yake unasimama mlima Matterhorn, ambao wasemao Kifaransa huuita Cervin. Kimo chake ni metre 4,478, na umbo lake ni kama jino lililochongoka. Katikati ya karne ya 19 wakaaji wa Zermatt walikuwa watu mia chache tu. Walifuga ng'ombe na kondoo, wakalima nafaka kidogo kwenye miteremko, wakategemea kuni na mbao za misitu yao. Kutoka bondeni hadi kwao ilikuwa njia ya miguu na ya nyumbu, na wakati wa baridi kali theluji ilikuwa ikiifunga.

Wageni wa kwanza waliopanda huko walikuwa wataalamu waliotafuta mimea na mawe. Hawakuwa na pahali pa kulala isipokuwa nyumbani kwa padri. Mwaka wa 1839 mganga wa kijiji, Bwana Lauber, alifungua nyumba ndogo ya wageni yenye vitanda vichache. Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo leo inalisha mji mzima.

Jambo la kupendeza kwetu ni kwamba mapadri wa Zermatt waliona mapema faida ambayo wageni wangeleta kwa maskini wa parokia. Padri Mkuu Joseph Ruden pamoja na wenzake walijenga nyumba ya wageni juu kabisa, pahali paitwapo Riffelberg, kwenye kimo cha metre zaidi ya 2,500. Nyumba hiyo hata leo inabeba katika jina lake mwaka wa 1853. Padri Ruden huyo alikuwa pia mpenda historia: aliandika kitabu juu ya jamaa zote za parokia yake, ukoo kwa ukoo. Anayetayarisha yubile ya parokia atamwonea wivu.

Mtengenezaji wa sabuni

Mmoja wa mapadri waliosaidia katika kazi hiyo alikuwa Joseph Seiler, padri msaidizi wa Zermatt. Alikuwa na ndugu yake, Alexander, aliyekuwa akitengeneza sabuni na mishumaa katika mji wa Sion. Wote wawili walizaliwa Blitzingen, kijiji cha wakulima katika bonde la juu la mto Rhône. Padri alimwita ndugu yake aje kutazama. Alexander akaja, akaona mlima, akaona Waingereza wanaofika kila mwaka kwa wingi zaidi, akaacha sabuni yake. Katikati ya miaka ya 1850 alishika nyumba ya Lauber, kwanza kwa kupanga, kisha kwa kuinunua. Akaipanua, akaipa jina la Monte Rosa, ambalo ni jina la mlima mkubwa kuliko yote ya upande huo.

Mwaka wa 1857 alimwoa Katharina Cathrein. Mume alipokea wageni mlangoni, mke alisimamia nyumba, na Mungu akawajalia watoto wengi. Mwaka wa 1867 Seiler alinunua hoteli nyingine, Mont Cervin, na mwaka wa 1884 akafungua hoteli kubwa ya Riffelalp, juu ya kijiji. Kila nyumba ilihitaji wapishi, wafuaji, wabeba mizigo, wenye nyumbu, waongozi wa milima. Vijana ambao zamani wangeondoka kwenda kuajiriwa mbali walipata kazi mbele ya milango yao.

Siku ya msiba

Tabia ya mtu huonekana siku ya taabu. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika mara ya kwanza kwenye kilele cha Matterhorn: Mwingereza Edward Whymper na wenzake watatu, yaani Charles Hudson aliyekuwa mchungaji wa Kianglikana, kijana Hadow na Lord Francis Douglas; pamoja nao waongozi watatu, Michel Croz wa Chamonix, na Peter Taugwalder wa Zermatt, baba na mwana. Walipokuwa wakishuka, Hadow aliteleza, akamgonga Croz, na wengine wawili wakavutwa pamoja nao. Kamba ikakatika. Wanne wakaanguka; Whymper na akina Taugwalder wakabaki hai.

Asubuhi ya siku iliyofuata Whymper alirudi Monte Rosa. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake alichotoa mwaka wa 1871 jinsi Seiler alivyomkuta mlangoni, akamfuata kimya mpaka chumbani, akamwuliza kuna nini. Whymper alijibu tu kwamba yeye na akina Taugwalder wamerudi. Seiler hakuhitaji neno jingine. Alilia, lakini hakupoteza wakati katika kilio. Alitoka mara moja kuamsha kijiji, na baada ya muda mfupi watu walikuwa njiani kupanda kutafuta. Maiti tatu zilipatikana. Maiti ya Lord Francis Douglas haikuonekana kamwe.

Wengi walidhani msiba huo ungeua jina la Zermatt. Ikawa kinyume: habari zake zilienea katika magazeti ya Ulaya yote, na wageni wakaongezeka. Mji ulipata sifa yake kwa njia ya makaburi. Wakaaji wa Zermatt wanalijua jambo hilo, na makaburi ya wapanda milima wameyatunza kando ya kanisa lao mpaka leo.

Haki ya uenyeji

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Katika desturi ya Uswisi, kukaa katika kijiji si sawa na kuwa mwenyeji wake. Wenyeji wa asili ni chama cha jamaa za zamani, na mali ya chama hicho ni malisho ya juu, misitu na maji. Haki hiyo hurithiwa na watoto na wajukuu. Mtu aliyetoka kijiji kingine aweza kukaa miaka 20, kulipa kodi na kujenga nyumba, bila kuwa na sehemu katika mali hiyo.

Mwaka wa 1871 Alexander Seiler aliomba apokelewe kuwa mwenyeji wa Zermatt. Wenyeji wakakataa. Tuangalie vizuri: mtu huyu hakuwa mgeni wa lugha, maana alisema Kijerumani kama wao. Hakuwa mgeni wa dini. Alikuwa Mkatoliki, na ndugu yake alikuwa amewahudumia kama padri. Hakuwa mgeni wa nchi, maana alizaliwa katika jimbo lile lile la Valais. Alikuwa mgeni kwa sababu moja tu: babu zake walizikwa katika bonde jingine.

Hata hivyo, tusiwahukumu wenyeji hao haraka. Twaweza kuifahamu hofu yao. Malisho ya mlimani hayaongezeki. Msitu ukikatwa ovyo, theluji hushuka ikafunika nyumba. Na hapa alikuwa mtu mwenye mali kuliko kijiji kizima, mwenye watoto wengi, ambao wote pamoja na uzao wao wangekuwa wenyeji milele. Maskini anapomwona tajiri akigonga mlango, huuliza moyoni: anakuja kukaa nasi, au anakuja kututoa? Swali hilo si dhambi. Kosa ni kukataa kusikiliza jibu.

Seiler hakuondoka, wala hakufunga hoteli zake ili kuwaadhibu. Alipeleka neno lake kwa wakubwa wa jimbo, na kesi ikafika hata kwa serikali kuu ya Uswisi. Iliendelea miaka 18. Wakati huo wote aliendelea kupokea wageni na kuajiri watu, na bila shaka baadhi yao walikuwa watoto wa wale waliompinga. Wenyeji nao hawakukaa bure. Kwa kazi ya pamoja, ile ambayo sisi huku tulizoea kuiita salongo, walijenga hoteli yao wenyewe, Zermatterhof, iliyofunguliwa mwaka wa 1879. Kisha, walipohitaji mtu wa kuiendesha, waliikodisha kwa Seiler. Hivyo walimnyima uenyeji kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakamkabidhi ufunguo wa nyumba yao.

Mwaka wa 1889 uamuzi ulimpa haki, na Zermatt ikalazimika kumwandika kati ya wenyeji wake. Alikuwa na umri wa miaka 70.

Katika majira ya joto ya mwaka huo huo wa 1889, padri mmoja kijana kutoka Milano alipanda Monte Rosa kwa upande wa Italia, akavuka kilele na kushuka Zermatt, na siku chache baadaye akapanda Matterhorn. Jina lake Achille Ratti. Mwaka wa 1922 alichaguliwa kuwa Baba Mtakatifu Pio XI. Tena, mwaka wa 1894, mtemi wa Abruzzi, Luigi Amedeo wa Savoia, alipanda Matterhorn hiyo hiyo. Ndiye aliyekuja Afrika mwaka wa 1906 na kufika wa kwanza kwenye kilele cha Margherita katika Ruwenzori, metre 5,109, mpakani mwa Kongo na Uganda. Kwa hiyo mlima wa Seiler na mlima wetu si wageni kabisa mmoja kwa mwingine.

Kilichobaki

Seiler aliufaidi uenyeji wake muda mfupi. Mwezi wa Julai 1891 gari la moshi lilifika Zermatt mara ya kwanza, likitoka Visp, na bonde lililokuwa limefungwa likafunguka. Mwaka ule ule Seiler alifariki. Alikuwa amewapokea wageni waliofika kwa miguu na kwa nyumbu. Wale wa gari la moshi walipokelewa na jamaa yake. Wanawe wawili, Alexander na Hermann, baadaye walichaguliwa kuingia katika bunge la taifa la Uswisi. Mtoto wa mtu aliyenyimwa sehemu katika msitu wa kijiji alikaa katika baraza la nchi nzima.

Leo Zermatt ina wakaaji zaidi ya 5,000. Hoteli Monte Rosa ingali imesimama katika barabara kubwa ya mji, na ukutani mwake kuna ukumbusho wa Whymper. Na chama cha wenyeji, wale waliomwogopa mwenye hoteli, leo chenyewe ni mwenye hoteli mkubwa: Zermatterhof ni yake, na nyumba ya Riffelberg iliyojengwa na mapadri ni yake vilevile. Malisho hayakupotea, misitu haikupotea. Kilichohofiwa hakikutokea, na mafundisho ya mgeni yamekuwa mali ya wenyeji.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ina pande mbili. Mgeni ana wajibu wa kuja na kitu cha kuponya, asije kula tu. Seiler alikuja na kazi, akabaki siku ya msiba, akavumilia siku ya kukataliwa. Mwenyeji naye ana wajibu wa kukubali kwamba ameponywa, na kulitaja jina la aliyemponya. Zermatt ilichukua miaka 18 kufanya hivyo, tena kwa kulazimishwa.

Tunapoandika orodha ya wajenzi wa yubile hii, basi, tuulize pia: nani alitoka mbali akajenga nasi, akalipa mishahara, akasimama nasi kwenye matanga, na jina lake halimo? Kama yu hai bado, aandikwe sasa, asingojee kufikia miaka 70. Na Mungu awalipe wajenzi wote, wenyeji na wageni.