Bei ya ngoma na kayamba Eastlands: utajuaje umeuziwa kwa haki?

Mashindano ya muziki ya shule yakikaribia, wauzaji wa ngoma huku Eastlands huwa hawapumui. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwepo tangu 1927, na bado kila mwaka walimu wanakumbuka ngoma zimepasuka wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Kwaya za kanisa nazo zinataka, vikundi vya vijana vilevile. Mimi naishi Kaloleni, na kwa kuwa watu wa kwetu pwani wanajua nashika kayamba, simu zinazonijia huwa na swali moja: hii bei ni halali, ama naibiwa? Nimeona niandike ninayoyajua hapa, atakayeuliza nimwelekeze.

Kwanza, usitafute mtaa mmoja wa ala za muziki, haupo. Kariokor inajulikana zaidi kwa viatu vya ngozi na vyondo, lakini ukiulizia kwa subira utaelekezwa kwa mtu mwenye ngoma. Gikomba ndiko kwenye mbao. Mafundi wa chuma wa Kamukunji watakutengenezea pete na vyuma vya kugonga ukiwapelekea mfano. Wengine wanafanyia kazi nyumbani, Makongeni au Jericho, wala hawana kibao mlangoni. Nyatiti nyingi husafiri kwa basi kutoka pande za ziwa. Kayamba nzuri hutoka kwetu, Kilifi na Kwale. Ndiyo maana mtu akikwambia kayamba yake ni ya Kaloleni, muulize ni Kaloleni ipi: ile ya kando ya Jogoo Road, au ile ya baada ya Mazeras.

Swali hilo si mzaha. Anayekuuzia ni fundi au dalali? Dalali si mwizi. Amelipa nauli, amelipa kodi ya kibanda, na pesa yake imekaa kwenye mzigo miezi kadhaa. Ana haki ya faida yake. Ninayemwogopa ni dalali anayejifanya fundi, maana huyo hawezi kukwambia ndani ya ngoma kuna nini. Mimi huuliza hivi: "Mzee wangu, ngozi hii ikipasuka Desemba, utaiwamba upya kwa ngapi?" Fundi atataja bei papo hapo, tena atakuuliza mnaipigia wapi, ndani au juani. Asiye fundi ataanza kuniapia kwamba haitapasuka.

Sasa bei. Watu wengi hupima haki kwa kuangalia wamepunguziwa kiasi gani. Aliyeanza elfu kumi na mbili akashuka hadi saba anaonekana mwema kuliko aliyetaja elfu sita na nusu akakataa kushuka. Mimi naona kinyume. Huyo wa kwanza alikuwa tayari kukuchukulia elfu tano za bure kama ungenyamaza.

Njia iliyo bora ni kuivunja bei vipande. Mwombe muuzaji akutajie mti, ngozi, vifaa vidogo na siku za kazi. Tuseme, kwa mfano tu, fundi akwambie mti na kuufikisha ni 1,500, ngozi 700, kamba na gundi na misumari 300, na kazi ni siku tatu za 800. Hapo ni 4,900. Ongeza robo ya faida na gharama za kibanda, unafika 6,125. Nambari zako zitakuwa tofauti, ziulize wewe mwenyewe, lakini hesabu ni hiyo. Ukikuta ngoma ya aina hiyohiyo kwa 2,500, usishangilie. Ama si mti mzima, ama kuna fundi mahali fulani hakulipwa. Ukiambiwa 15,000, uliza nini kimeongezwa. Jibu linaweza kuwa la kweli: mchongo, mti mgumu, ukubwa. Likiwa "hii ni ya asili", shika njia.

Mti kweli umepanda bei, hilo nawatetea wauzaji. Tangu serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, mbao hazijarudi kuwa rahisi. Na pale UNESCO ilipoiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, mwaka 2014, ukosefu wa vifaa vya kutengenezea ulikuwa miongoni mwa matatizo yaliyotajwa. Seti ya isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Anayekuuzia mbili akaziita seti amekupunja hata kama bei ni ndogo.

Ngoma uichungulie ndani. Mzinga uliochongwa kwa mti mmoja una alama za patasi na mistari ya mti inayozunguka bila kukatika. Uliounganishwa kwa mbao una viungio. Hata huo unaweza kulia vizuri, ila usilipe bei ya mti mzima. Pitisha kidole juu ya rangi nyeusi iliyokolea sana. Mara nyingi chini yake kuna ufa uliozibwa kwa unga wa mbao na gundi. Nusa ngozi pia: ikinuka vibaya haijakauka, na italegea ukifika nyumbani.

Kayamba inajieleza yenyewe. Iinamishe polepole, mbegu zishuke kama mvua ya mbali, bila kukwama. Zikikwama, kuna tete lililobonyea. Sauti ikiwa kali kama bati, huenda wametia kokoto mahali pa mbegu, na kokoto zitakula matete kabla ya mwaka kwisha. Kipande cha mti cha katikati kisiwe chembamba, ndicho kidole gumba kinagonga.

Nyatiti ina nyuzi nane. Siku hizi ni uzi wa kuvulia samaki, zamani ilikuwa mishipa ya ng'ombe, kwa hiyo usilipe zaidi kwa hadithi ya mishipa bila kuiona. Kaza kila uzi, ngoja kama dakika kumi, usikilize tena. Ukilegea hapo dukani, jukwaani utakuaibisha. Orutu ina jambo lake: kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Uliza. Kumiliki ngozi ya mnyama wa porini bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na muuzaji anayeficha hilo anakuuzia kesi. Ngozi ya mbuzi inatosha.

Limebaki linalouma. Muuzaji mmoja, sitasema wa wapi, aliniona na barua ya shule mkononi, akashusha sauti: "Ndugu yangu, risiti niandike ngapi?" Alikuwa mkarimu, hata bei yake ilikuwa nzuri. Tofauti kati ya bei ile na risiti hulipwa na mzazi wa Kayole au Dandora anayetafuta karo kwa kufua nguo za watu. Hapo kosa ni la wawili, na anayeanza mara nyingi ni mnunuzi, ndiyo maana muuzaji ameshazoea kuuliza. Shule itume watu wawili, na malipo yaende kwenye till ya biashara, si kwenye namba ya simu ya mtu.

Malipo ya namna hiyo yanakulinda pia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa na maelezo yanayohitajika, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mkikosana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na si lazima uwe na wakili. Utahitaji ushahidi: ujumbe wa M-Pesa, na karatasi iliyoandikwa aina ya mti, aina ya ngozi, siku ya kuchukua, na nani atawamba upya ikipasuka kabla ya muda mliokubaliana. Mafundi wa kweli nimewaona wakiandika karatasi hiyo bila kinyongo, wengine kwa Kiswahili cha Nyanza kinachofurahisha kusoma.

Ukiagiza, lipa nusu mwanzoni, nusu siku ya kuchukua. Usiende kuchukua jioni. Nenda mchana, uipige barabarani na magari yakipita, na mwombe fundi naye aipige mbele yako.