Zana za kusafisha njia ya kuingilia nyumbani (Bukoba na Muleba)

Zana za kusafisha njia ya kuingilia nyumbani ni vifaa vya mkono, na mara chache mashine, vinavyotumika kuondoa tope, nyasi na majani kwenye njia inayotoka barabarani hadi uani. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, njia hiyo kwa kawaida hukatiza kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na si ajabu pembeni yake kukuta mlamula umepandwa kuonyesha mpaka. Uchaguzi wa zana huamuliwa na mvua na mteremko. Mji wa Bukoba, ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Nyingi hunyesha kati ya Machi na Mei, na nyingine Oktoba hadi Desemba. Ukiliacha ziwa na kuelekea magharibi, kiwango hicho hupungua sana. Sehemu kubwa ya udongo imetokana na mawe ya mchanga, na ukishalegezwa hubebwa na maji upesi.

Tope linaloonekana njiani asubuhi limeletwa na maji ya usiku, na mara nyingi maji hayo yametoka kwenye bati la nyumba yenyewe. Paa la mita za mraba 80 likinyeshewa milimita 50 humwaga lita 4,000. Pasipo na mfereji, maji hufuata njia kwa sababu ndiyo sehemu iliyo wazi na iliyoshindiliwa kwa miguu na magurudumu. Anayenunua zana za kuzolea tope kabla ya kuchimba mfereji atazoa tope lilelile kila wiki hadi Mei iishe.

Jembe na beleshi

Jembe ndilo lililomo katika kila nyumba, na ndilo linaloharibu njia nyingi. Kazi yake ni kulegeza udongo. Shambani hilo ni jema, lakini njiani kila palizi huacha tabaka laini linaloondoka na mvua inayofuata. Mwaka baada ya mwaka njia hushuka chini ya usawa wa shamba, mwishowe inageuka kuwa mfereji, na gari halipandi tena. Jembe jipya lenye makali lina nafasi mbili tu hapa: kuchimba mfereji wa pembeni, na kukata matuta madogo ya mshazari yanayoyatoa maji njiani na kuyaingiza kwenye migomba. Kwa kukwangua nyasi juu juu, jembe kongwe lililolika hadi kubaki nusu ni bora kuliko jipya, kwa kuwa ni jepesi na halizami. Watu wengi hulitupa au kumuuzia mnunuzi wa chuma chakavu wakati ndipo limefika umri wake wa kufaa.

Ufundi wa chuma si mgeni katika nchi hii. Huko Katuruka, wilaya ya Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua mabaki ya uyeyushaji chuma wa zamani sana, na katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya walijenga tanuri na kuonyesha jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1978. Siku hizi majembe hutoka viwandani, ila mpini bado huchongwa au kununuliwa peke yake. Mpini unaofaa ni wa mti uliokauka, wenye nyuzi zilizonyooka. Mkaratusi mbichi hupasuka ukikauka, na jembe hucheza tunduni.

Beleshi ni la aina mbili, na dukani mara nyingi yamewekwa pamoja bila maelezo. Lenye ncha hupenya udongo uliolegea na kuzibua mfereji. La mraba, lenye ukingo ulionyooka, hukwangua tope juu ya saruji au moramu bila kuchimba, na kwa njia ya gari ndilo la kununua kwanza. Upana usizidi mno. Katika nchi za baridi kama Kanada na Norwe, watu husafisha njia za nyumba zao kwa masepetu mapana ya plastiki, kwa sababu theluji mpya ya mita moja ya ujazo inaweza kuwa na uzito wa chini ya kilo 100. Tope bichi la ujazo huohuo hupita kilo 1,500. Sepetu la namna hiyo huku lingevunjika, au lingeuvunja mgongo wa mwenye nalo. Toroli nalo lihesabiwe vivyo hivyo: la lita 65 likijazwa tope pomoni hukaribia au kupita kilo 100, na kwenye mteremko uliolowa litamshinda anayelisukuma. Lijazwe nusu.

Majani makavu ya migomba hukusanywa kwa reki ya meno machache yaliyoachana, kisha hurudishwa shambani kuwa matandazo. Kuyachoma ni kuukosesha mgomba chakula chake. Nyasi za ukingoni zifyekwe kwa fyekeo na kuachwa fupi, zising'olewe, maana mizizi yake ndiyo inayoushika ukingo. Hata katikati ya njia, baina ya michirizi miwili ya magurudumu, ukanda wa nyasi fupi ni faida, ingawa wageni wanaotua na magari kutoka Dar es Salaam kila Desemba huuona kuwa ni uzembe.

Panga na mnyauko

Panga hukata matawi yanayoinamia njia, na kwa Kagera lina sharti lake. Katikati ya miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini, wilayani Muleba. Bakteria hao hukaa katika utomvu na huhama na makali kutoka mgomba mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo hushauri ua dume la mgomba liondolewe kwa mti wenye panda badala ya panga. Panga la njiani libaki la njiani. Likigusa mgomba, lipitishwe motoni au lichovywe kwenye maji yenye Jik kabla ya kukata mwingine. Kibarua anayekuja na panga lake kutoka kibanja cha jirani aambiwe hivyo kabla hajaanza, wala si kumkosea adabu.

Dawa na mashine

Dawa za magugu zenye glaifoseti huua nyasi hadi mizizini, na udongo hubaki bila kizuizi kama vile umelimwa. Matone yanayopeperushwa na upepo hudhuru pia machipukizi ya migomba yaliyo karibu. Kwa njia inayokatiza kibanja, hasara yake ni kubwa kuliko jasho linalookolewa.

Mashine ya petroli ya kufyekea inafaa shule, makanisa na viwanja vikubwa. Kwa njia ya nyumba moja, kuikodi siku moja moja kwatosha. Kamba yake ya nailoni huchubua magome ya miche ya kahawa, na penye moramu hurusha vijiwe, kwa hiyo anayeishika avae miwani na gari liondolewe kwanza.