Unataka Kuchora Wanyama? Anza Hivi Kabla Ukate Tamaa

Wasee wengi huanza na simba. Wanakimbilia manyoya, macho na meno, alafu simba anatoka akikaa mbwa amevaa wigi. Shida si mkono wako, ni mpangilio. Cheki hii rada.

1. Maumbo kwanza
Chukua penseli ya HB na usikazie. Chora duara la kifua, lingine dogo la nyonga, la tatu la kichwa. Unganisha na mstari wa uti wa mgongo. Mbuzi, paka, ng'ombe, wote wanaanzia hapo.

2. Miguu ndio noma
Ile "goti" ya nyuma ya mbwa inayokunjika kinyume si goti. Ni kifundo cha mguu, juu mbwa hutembea na vidole. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Ukishika hii pekee, michoro yako itaanza kusimama.

3. Madoa na mistari
Mistari ya punda milia hufuata mviringo wa mwili, so usiinyooshe kama ya shati. Twiga pia hawafanani: wa Nairobi National Park ni wa Maasai, madoa yake yana kingo za kuchanika-chanika. Wa Samburu ana madoa yamenyooka, yametenganishwa na mistari myeupe. Ukichanganya hao wawili, mteja anayejua wanyama atakushika papo hapo, na hapo doo imeenda.

4. Rangi
Rangi za maji: anza na nyepesi, malizia na nzito, kwa sababu weupe wako ni karatasi yenyewe. Akriliki hukauka mbio, kwa hivyo osha brashi mara moja.

Huna pesa ya vifaa vya bei? Edward Said Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya 1960 na rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki 1972, lakini mtindo wake wa wanyama bado unauzwa kwa jina lake.

5. Mazoezi
Usikwame kwa picha za simu. Kuku wa jirani, paka wa ploti na marabou wa juu ya miti wanakupea pozi bure. Weka dakika mbili, chora, geuza karatasi, rudia mara kumi. Mnyama akisonga, anza mwingine. Simba atangoja.