Kelele za Feni ni Deni la Joto

Kila mmoja wetu aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta ya mezani anaujua ule mvumo unaotoka ndani ya kasha lake. Mashine ikiwashwa, huvuma. Ikipewa kazi nzito, hupandisha sauti kama pikipiki inayopanda mlima. Ikizimwa, ndipo tunapotambua kwamba chumba kizima kilikuwa na kelele tangu asubuhi. Wengi wetu tumeichukulia kelele hiyo kuwa ni maumbile ya kompyuta, kama vile mlio ulivyo maumbile ya cherehani. Juma hili napenda tuitazame kwa jicho la historia, kwa sababu kelele hiyo ina wakati wake wa kuzaliwa, ina waliyoisababisha, na ina waliopambana nayo. Na vijana wetu wa mijini wanaonunua vipande kimoja kimoja na kujiunganishia kompyuta nyumbani wana mengi ya kujifunza humo.

Tuanze na jambo la msingi. Umeme unaoingia katika kompyuta, karibu wote, huishia kuwa joto. Kompyuta haipigi pasi wala haichemshi maji, lakini hesabu zake hufanywa na umeme unaopita katika transista ndogo mno, na umeme huo ukishafanya kazi yake hugeuka joto. Joto hilo lazima litoke. Likibaki ndani, mashine hupunguza mwendo, hujizima, au vipande vyake hufa kabla ya siku zake. Feni imewekwa ili kulitoa. Kwa hiyo kelele ya feni ni deni la joto, na swali la historia ni hili: nani analilipa?

Zamani aliyelipa alikuwa mwenye jengo. Mwezi Februari 1946, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ilizinduliwa kompyuta iliyoitwa ENIAC. Ilikuwa na valvu zipatazo 18,000 na ilikula kiasi cha kilowati 150 za umeme, ikapuliziwa hewa kwa mitambo mikubwa. Mvumo wake haukuwa hoja. Mashine ilikuwa na ukumbi wake, na hapakuwa na mtu aliyelala kando yake. Hali iliendelea hivyo katika miaka ya 1950 na 1960, kompyuta za serikali na mabenki zikikaa katika vyumba vyenye viyoyozi. Ugomvi ulianza pale kompyuta ilipohamia mezani, karibu na sikio la mtu.

Mwaka 1977 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya Apple II. Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi, hakutaka feni ndani yake, kwani aliona kwamba mvumo wake humvuruga mtu mawazo. Mhandisi Rod Holt akaunda pawa saplai ya aina nyingine. Badala ya kutegemea transfoma kubwa na nzito inayopata moto, pawa saplai hiyo iliukata na kuuachia umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ikapoteza kidogo sana kwa njia ya joto. Feni haikuhitajika. Angalieni, wasikilizaji, jinsi kazi hiyo ilivyofanyika: Holt hakulificha joto, bali alilipunguza pale linapozaliwa.

Miaka mitatu baadaye, yaani 1980, kampuni hiyo hiyo ilitoa Apple III, nayo pia bila feni. Safari hii ubao wa ndani ulikuwa umesongamana chipu, na joto lilitegemewa kutoka kwa kupitia chuma cha alumini cha umbo lenyewe. Halikutoka la kutosha. Mashine zilipata moto, na chipu zikalegea katika vishikizo vyake. Imesimuliwa mara nyingi kwamba wateja walishauriwa kuiinua mashine inchi chache juu ya meza na kuiachia ianguke, ili chipu zirudi mahali pake. Maelfu ya mashine yalibadilishwa, na jina la Apple III halikupona. Huo ndio ukimya ulionunuliwa kwa kulikana joto.

Kampuni ya IBM ilichukua njia nyingine. Kompyuta yake ya Agosti 1981 ilikuwa na feni ndani ya pawa saplai, yenye uwezo wa wati 63.5, na feni hiyo ilisikika. Prosesa yenyewe, Intel 8088, haikuwa na feni yoyote. Lakini IBM ilifanya jambo jingine lililokuwa na matokeo makubwa zaidi: iliiunda mashine kwa vipande vilivyopatikana sokoni, tena ikatoa kitabu cha maelezo ya kiufundi. Kampuni nyingine zikaiga. Baada ya muda ubao, kasha, pawa saplai na diski viliuzwa kila kimoja peke yake, na mtu yeyote mwenye bisibisi na subira akaweza kujiundia kompyuta.

Hapo ndipo deni lilipohamishiwa kwa mnunuzi. Mtengenezaji wa prosesa aliweka feni yake ndogo, wa kadi ya picha akaweka yake, wa kasha yake, wa pawa saplai yake. Kila mmoja alitafuta feni ya bei nafuu iliyotosha kukinga kipande chake tu. Hakuna hata mmoja aliyewajibika kukaa chumbani na kusikiliza feni zote nne zikivuma pamoja.

Na joto nalo likapanda. Prosesa ya Pentium ya mwaka 1993 ilikula kiasi cha wati 15, na wakati huo watu walishangaa. Baadhi ya Pentium 4 za mwaka 2004 zilifika wati 115. Kwa nini? Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa IBM walikuwa wameonyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, pamoja na volti zake, joto kwa kila eneo la chipu halizidi. Kanuni hiyo iliwabeba watengenezaji kwa miongo mitatu, wakiongeza kasi bila woga. Lakini transista zilipokuwa ndogo kupita kiasi, umeme ulianza kuvuja hata pale transista ilipokuwa imefungwa, mithili ya bomba bovu linalodondosha maji usiku kucha. Kanuni ikafikia ukomo, nayo tamaa ya kasi ikaendelea.

Kichekesho cha enzi hiyo kilikuwa kadi ya picha ya Nvidia ya mwaka 2003, GeForce FX 5800 Ultra. Feni yake ilipiga kelele hata watu wakaifananisha na mashine ya kufyonzea vumbi, na wafanyakazi wa kampuni yenyewe wakatengeneza filamu fupi ya kujicheka. Lakini halikuwa jambo la kucheka tu. Mwezi Mei 2004 Intel iliifuta prosesa iliyokuwa ikiitayarisha kwa jina la Tejas, na mwezi Oktoba mwaka huo huo ikaachana na mpango wa kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4. Joto lilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mwaka 2006 ikatoa Core 2 Duo, ambayo nyingi zake zilipangiwa wati 65, na ilifanya kazi nyingi kuliko zile za wati 115. Basi hata kampuni kubwa kama hiyo ililazimika kurudi kwenye njia ya Rod Holt: punguza joto kwenye chanzo.

Wakati wakubwa wanasitasita, wapenzi wa kujiundia kompyuta walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Silaha yao ya kwanza ilikuwa hesabu za feni, ambazo wahandisi wanazijua tangu zamani. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu, lakini kelele hupungua kwa kiasi cha desibeli 15; na desibeli 10 pekee zatosha kulifanya sikio lihisi kwamba sauti imepungua nusu. Tena feni yenye upana mara mbili, ikiwa maumbo yanalingana, husukuma hewa mara nane kwa mzunguko ule ule. Maana yake ni kwamba feni kubwa iendayo taratibu hufanya kazi ya feni ndogo inayokimbia, na haisumbui mtu. Wahenga waliposema pole pole ndio mwendo, hawakuwa na habari ya kompyuta, lakini hapa msemo umekaa mahali pake.

Kwa hiyo watu wakatoboa makasha yao na kuweka feni za milimita 120 badala ya 80. Wakagundua kwamba feni ya volti 12 ikiunganishwa kati ya waya wa volti 12 na ule wa volti 5 hupata volti 7, ikaenda polepole. Baadaye, kuanzia mwaka 2004, feni za prosesa zenye waya nne zikawezesha ubao wenyewe kuamua mwendo kwa kufuata joto. Wakaweka raba mahali pa skrubu ili mtikisiko usiingie katika bati la kasha na kulifanya live kama debe. Wakatumia pia mirija ya shaba iliyozibwa, yenye kimiminika kidogo ndani: kimiminika hugeuka mvuke penye joto, husafiri hadi kwenye mapezi ya bati, hupoa, kisha hurudi. Mirija ya namna hiyo ilifanyiwa kazi na George Grover huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963, na ikatumika katika vyombo vya angani kabla ya kuingia katika kompyuta za watu.

Mimi mwenyewe mazungumzo haya huyatayarisha nyumbani kwa kompyuta niliyoiunganisha kwa mkono wangu. Sikio huzoea mvumo, maikrofoni haizoei. Nikilinganisha kanda za zamani na za sasa nasikia wazi tofauti kati ya feni tatu ndogo za mwanzo na mbili pana zilizochukua nafasi yake. Wala hazikugharimu fedha nyingi. Kilichohitajika ni kuchagua prosesa isiyokula umeme mwingi, na kuacha njia pana ya hewa kuingia mbele na kutoka nyuma.

Sasa niseme neno kwa sisi wakazi wa miji ya joto. Feni haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko hewa ya chumba. Mtu wa Ulaya aliyepima kompyuta yake katika chumba cha nyuzi 20 anaanza na akiba ya nyuzi 12 ambazo mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, katika chumba cha nyuzi 32, hana. Kwa hiyo tusinakili vipimo vyao bila kufikiri. Yuko mtu mwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, ambaye kompyuta moja ndiyo ada ya watoto wake. Akichoshwa na kelele akaenda kuichomoa feni, amerudia kosa la Apple III, na hatakuwa na kampuni ya kumbadilishia mashine.

Afadhali aanze na vumbi. Vumbi likijaa katika mapezi huwa kama blanketi, na feni hulazimika kukimbia zaidi. Azime mashine, achomoe waya wa umeme, ashike mapanga ya feni yasizunguke, apanguse kwa brashi laini. Feni inayokwaruza ni kwamba beringi imekwisha. Ibadilishwe, tena kwa ile iliyo pana zaidi kama kasha linaruhusu. Pawa saplai asiifungue kamwe, maana ndani yake umeme hubaki umehifadhiwa hata baada ya kuchomolewa.

Na kwa anayekwenda dukani, nina ombi moja. Mwuzaji atakusifia kasi, kumbukumbu na ukubwa wa diski. Msikilize kwa heshima, kisha umwulize prosesa inakula wati ngapi na feni zina upana gani. Halafu mwombe aiwashe, aipe kazi nzito kwa dakika kumi, na nyote wawili mnyamaze. Mkishasikia inavyovuma, ndipo mzungumze bei.