Kutoka Maumivu hadi Baridi: Historia ya Maarifa kuhusu Neva za Konea na Utoaji wa Machozi

Katika miaka ya 1890, mwanafiziolojia Mjerumani Max von Frey alishikilia kwamba konea, yaani tabaka angavu la mbele ya jicho, haina hisia yoyote isipokuwa maumivu. Hakuwa akibahatisha. Konea ina ncha za neva zilizo wazi, na yeye alikwisha kuzihusisha ncha za namna hiyo na maumivu; jicho likawa shahidi wa nadharia yake yote ya hisia. Hoja ya insha hii ni kwamba nadharia hiyo, iliyopendeza kwa wepesi wake, ilichangia kuchelewesha kueleweka kwa chanzo cha machozi ya kawaida.

Machozi hayo yanahitaji kufafanuliwa. Katika mazungumzo yetu, chozi huambatana na kilio, moshi au kitunguu. Lakini yapo machozi yasiyodondoka, yanayolilowesha jicho mchana kutwa bila mwenyewe kuyatambua. Mwaka 1903 Otto Schirmer, daktari wa macho Mjerumani, alieleza namna ya kupima machozi kwa ukanda wa karatasi ya kuchujia unaoning'inizwa kwenye ukingo wa kope ya chini. Kipimo hicho kingali kinatumika, kwa kawaida kwa dakika 5. Tatizo ni kwamba karatasi yenyewe huliwasha jicho, hivyo machozi ya muwasho huchanganyika na yale ya kawaida.

Mwaka 1956 Lele na Weddell walimpinga von Frey katika jarida la Brain: watu waliochunguzwa waliweza kutambua mguso, joto na baridi kwenye konea. Ubishi haukuisha hapo. Nionavyo, swali lenyewe liliulizwa upande usiofaa, kwani mtu aliulizwa anahisi nini, ilhali neva yaweza kutimiza kazi yake bila mwenyewe kupata habari. Ilibidi neva zenyewe zisikilizwe. Kazi hiyo ilifanywa kwa subira nchini Hispania na Carlos Belmonte na wenzake, walionasa mipwito ya umeme ya neva za konea ya paka. Katika utafiti wao wa 1993, ambao Juana Gallar alikuwa mwandishi wake wa kwanza, neva za baridi zilibainishwa kuwa kundi la pekee. Neva hizi hupiga mfululizo hata jicho likiwa limetulia, na huongeza kasi joto linaposhuka kidogo tu.

Mwaka 2002 maabara mbili za Marekani, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, kila moja kwa njia yake, zilitambua TRPM8, protini ya utando wa neva inayofunguka kwa baridi na kwa mentholi. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hata hivyo, kwa historia ya machozi, mwaka mzito zaidi ni 2010. Watafiti wa Alicante, wakiwemo Belmonte na Gallar, walionyesha katika Nature Medicine kwamba panya wasio na TRPM8 walikuwa na machozi machache ya kawaida, lakini walipowashwa macho walitoa machozi kama wenzao. Kwa binadamu, konea ilipopashwa joto, utokaji wa machozi ulipungua. Yale ambayo karatasi ya Schirmer iliyachanganya yakawa yametenganishwa kwenye neva.

Utaratibu wenyewe waweza kuelezwa hivi. Baada ya kupepesa, utando wa machozi huanza kukauka, na ukaukaji huo huupoza uso wa konea. Neva za baridi huongeza mipwito, taarifa hufika kwenye shina la ubongo, na amri hurudi kwenye tezi ya machozi. Jicho hulindwa kabla ya maumivu kuanza.

Mgonjwa wa macho makavu kwa muda mrefu alipewa hasa matone ya kufidia unyevu uliopungua. Mwezi Mei 2025 Marekani iliidhinisha acoltremon, tone linaloiamsha TRPM8 ili jicho litoe machozi yake lenyewe.