Kumbukumbu tendaji na uzee

Kumbukumbu tendaji ni uwezo wa akili kushika jambo kwa sekunde chache huku ikilifanyia kazi, kama mtu apigapo hesabu ya chenji kichwani. Dhana hii ilifafanuliwa na wanasaikolojia Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch mwaka 1974. Nafasi yake ni finyu hata kwa kijana: mwaka 2001 Mmarekani Nelson Cowan aliikadiria kuwa vitu vinne hivi kwa mara moja.

Uzee hauipunguzi kwa kiwango kimoja. Mzee akisomewa tarakimu tano azirudie vilevile, hatofautiani sana na mjukuu wake. Akiambiwa azitaje kinyumenyume, pengo hujitokeza, kwa kuwa sasa anatakiwa kushika na kupanga upya papo hapo. Mwanasaikolojia Timothy Salthouse, mwaka 1996, alieleza kwamba kasi ya ubongo hushuka na umri, hivyo la mwanzo hufifia kabla la mwisho halijakamilika. Sehemu ya mbele ya ubongo nayo husinyaa, na kemikali ya dopamini hupungua.

Maelezo mengine yenye uzito ni ya wanasaikolojia Lynn Hasher na Rose Zacks, waliosema mwaka 1988 kwamba kinacholegea ni uwezo wa kuzuia yasiyohitajika. Mwaka 2005 mtafiti Adam Gazzaley na wenzake waliwaonyesha vijana na wazee picha za sura za watu na za mandhari, wakiwataka wakumbuke aina moja na kupuuza nyingine. Ubongo wa wazee uliitilia mkazo picha iliyotakiwa sawa na wa vijana. Ulishindwa kuizima ile isiyotakiwa.

Ndiyo maana bibi anayetuma pesa kwa simu hupotewa na namba redio inapovuma na mtoto anapoulizia chakula. Uzembe haumo hapo. Redio ikizimwa, naye akatajiwa namba tatutatu, hufika mwisho bila kukosea. Msamiati wake, tena, huenda ukauzidi wa wote waliomo chumbani.

Kusahau alichofuata jikoni ni jambo la kawaida la umri. Kupotea njia ya nyumbani aliyoipita miaka yote, au kutomtambua mwanawe, si uzee. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali apimwe.